Kompyuta Ziingie Mwisho: Tuliyojifunza Tukijenga Chumba cha Kompyuta cha Watoto Rungwe

Kompyuta zilifika kabla ya chumba. Kosa hilo ndilo lililozaa mengine karibu yote, na tunaliandika kwa ajili ya wenzetu wa Rungwe, Makete, Njombe, Mufindi na kwingineko Nyanda za Juu Kusini wanaotaka kuwafungulia watoto chumba cha kompyuta baada ya saa za shule.

Tulikuwa wajitolea kumi na mmoja. Tulipewa ukumbi wa mtaa nje kidogo ya mji wa Tukuyu, mita 6 kwa 8, kuta za tofali za kuchoma, bati juu, bila silingi. Fedha ya kwanza ilipopatikana tuliikimbiza Mwanjelwa, Mbeya mjini, tukarudi na seti kumi na nne za kompyuta zilizotumika. Siku ya kushusha mzigo, mzee anayesimamia ukumbi alisimama mlangoni, akatazama bati, kisha akatuuliza kwa upole: "Wanangu, mvua ikianza hizi mtaziweka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ulikuwa mwezi wa kumi, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maboksi yalikaa miezi mitano chini ya turubai. Kila jioni watoto walipita wakitoka shule, wakaegemea nondo za dirisha na kuuliza neno moja tu: "Bado?" Swali hilo lilituumiza kuliko fedha yoyote tuliyopoteza. Ukishamwonyesha mtoto kompyuta, umemwahidi. Usimwonyeshe kabla hujawa tayari.

Kwa hiyo tunaanza na chumba, maana ndiko tulikopaswa kuanza.

Chumba cha kompyuta huku kwetu kina adui wawili wa maji: mvua ya nje na jasho la bati. La kwanza kila mtu analijua. La pili halionekani mpaka ufike Juni na Julai, baridi inaposhuka usiku na bati likapoa kuliko hewa ya ndani. Unyevu unaganda upande wa chini wa bati, na asubuhi matone yanaanguka hata kama hakuna wingu angani. Bati zima kabisa, lisilo na tundu, bado litakunyeshea. Dawa yake ni silingi pamoja na nafasi ya hewa kupita kati ya silingi na bati. Usizibe matundu ya hewa pembeni ukidhani unazuia baridi.

Lakini silingi isipigwe kabla paa halijapimwa na mvua kubwa. Tulichofanya ni rahisi na hakikugharimu kitu. Mvua ilipopiga, watu wawili walikaa ndani na chaki, wakachora duara sakafuni kila tone lilipoangukia. Kesho yake fundi alipanda juu akifuata maduara yale. Kumbuka maji hutembea juu ya kenchi kabla ya kudondoka, hivyo tundu linaweza kuwa hata mita moja juu zaidi ya pale tone linapoonekana. Mengi yalikuwa kwenye misumari ambayo mpira wake umekufa kwa jua. Tulibadilisha misumari, tukasubiri mvua nyingine, tukachora tena. Maduara yalipokwisha ndipo tukapiga plaiwudi. Faida ambayo hatukuitarajia ni sauti: kabla ya silingi mvua ikinyesha mwalimu alikuwa hasikiki hata akipiga kelele.

Sakafu ya saruji iliyochakaa hutoa vumbi jeupe, na feni za sipiyu, lile boksi la kompyuta, hulivuta ndani. Tulikwangua, tukaziba nyufa, tukapaka rangi ya sakafu mikono miwili. Viatu vinabaki nje kwenye shelfu, kwa sababu tope la Rungwe likikauka linakuwa vumbi jingine.

Madirisha yana nondo za milimita 12, mlango ni wa chuma wenye vitasa viwili. Hapa tuliwaza wizi tu, tukasahau moto. Mlango tuliutundika ukifungukia ndani. Ukiwa na watoto ishirini na wanane wanaosukumana kutoka, mlango wa namna hiyo hauwezi kufunguka. Ilibidi tulipe fundi wa kuchomelea mara ya pili ili ufungukie nje, na dirisha moja la nyuma likawekewa nondo zenye bawaba na kufuli, ufunguo wake ukining'inia ndani ya chumba juu ya kimo cha mtoto lakini chini ya kimo cha mtu mzima yeyote. Kuweni makini na hili tangu mwanzo.

Sasa umeme. Tutakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watoto wanaweza kufa.

Anza kwa hesabu. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na monita yake bapa hula kati ya wati 60 na 90 ikiwa kazini. Chukua 75. Kumi na nne ni wati 1,050, ongeza seva (kompyuta inayotunza masomo), swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta zote kwa kebo) na taa, unafika kama wati 1,200. Gawa kwa volti 230, ni zaidi kidogo ya ampea 5. Ni mzigo mdogo, pasi moja ya umeme inakaribia kuufikia. Kwa sababu hiyo wengi husema "weka ekstensheni tu". Nasi tulisema hivyo kwa wiki mbili. Ekstensheni moja ilichomekwa ndani ya nyingine, ya tatu ndani ya pili, na siku moja tulisikia harufu ya plastiki. Kiungo cha kwanza, kinachobeba mzigo wa vyote vilivyo mbele yake, kilikuwa kimelegea ndani na kimeanza kuyeyuka. Tatizo halikuwa ukubwa wa umeme. Mguso ulikuwa mbovu, na mguso mbovu huzaa joto hata kwa ampea tano.

Tukaondoa zote. Fundi umeme mwenye leseni alivuta njia mbili kutoka kwenye mein swichi, kila moja ikiwa na waya wa milimita 2.5 za mraba na breka yake ya ampea 16, njia moja kwa ukuta wa kushoto, nyingine kwa ukuta wa kulia. Soketi ni za ukutani, pacha, moja kwa kila mashine: sipiyu upande huu, monita upande ule. Ukigawa njia mbili, hitilafu ya upande mmoja haizimi darasa zima, na ni rahisi kujua pa kutafutia. Kabla ya breka hizo kuna RCD ya miliampea 30, ambayo hukata umeme ikihisi unavuja kupitia mwili wa mtu. Usikubali fundi aiache kwa sababu "inajikatakata". Ikijikata, kuna kitu kinavuja, kitafutwe.

Halafu ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Katika ukumbi ule soketi zote za zamani zilikuwa na matundu matatu, tukaamini ethi ipo. Mmoja wetu alipogusa bodi ya sipiyu, yaani kasha lake la chuma, kwa mgongo wa mkono alihisi msisimko mwembamba, kama chungu wadogo wanatembea kwenye ngozi. Watu wengi hulizoea jambo hili wakidhani ndivyo kompyuta zilivyo. Fundi alipima kati ya bodi ya sipiyu na ardhi: volti 110 na ushee. Maelezo yake ni haya. Ndani ya pawa saplai, kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, kuna kapasita mbili, vifaa vidogo vya kuchuja kelele za umeme, moja kutoka laini (waya unaoleta umeme), moja kutoka nyutro (waya unaourudisha), na zote zinakutana kwenye bodi. Ethi ikiwepo, kile kidogo kinachopita hushuka ardhini. Ethi isipokuwepo, bodi inabaki ikielea katikati, yaani nusu ya volti 230. Mkondo wenyewe ni mdogo, hauui, lakini unakwambia kwamba siku laini itakapogusa bodi kweli hakuna kitakachomwokoa mtoto isipokuwa hiyo RCD.

Tulifungua soketi tukakuta waya wa ethi upo, umefungwa vizuri kabisa, ila upande wa pili haukuunganishwa na chochote. Fimbo ya ethi ilikuwa imekatwa juu ya ardhi. Tukapigilia mpya ya shaba, mahali penye unyevu nje ya ukuta wa nyuma, tukaunganisha kwa klampu ya skrubu, si kwa kusokota waya. Baada ya hapo msisimko ukaisha. Jambo la kuondoka nalo: usiamini tundu la tatu la soketi. Mwambie fundi apime mbele yako.

Angalia pia fyuzi ndani ya plagi. Nyaya nyingi za madukani huja na fyuzi ya ampea 13. Kwa sipiyu au monita weka ya 5, kwa sababu fyuzi ipo kulinda waya, na waya ule ni mwembamba.

Kukatika kwa umeme kuna madhara mawili, na dawa zake ni tofauti. La kwanza ni kuzima ghafla, ambako huharibu mafaili. UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, kwa kila kompyuta ni fedha nyingi na betri zake zinakufa baada ya miaka miwili mitatu. Tulinunua moja ya VA 650, ikashika seva, swichi na ruta tu, ikitoa dakika ishirini na kitu, muda wa kutosha mlezi kuzima seva kwa utaratibu. Kompyuta za watoto zinazimika, na programu ya kuandika tumeipangia ijihifadhi kila baada ya dakika 3. Madhara ya pili ni umeme unaporudi kwa kishindo, ukipanda na kushuka. Kwa hilo kuna kifaa ambacho wengi wanakiita friji gadi: kinasubiri dakika chache mpaka umeme utulie ndipo kinaruhusu upite. Chagua chenye uwezo wa kubeba njia nzima, usichomeke kile kidogo cha friji ukakitwisha mashine saba. Na kwenye BIOS ya kila mashine, yaani mipangilio yake ya msingi inayofunguliwa wakati wa kuwasha, chagua ibaki imezimika umeme unaporudi, ili zisiwake zote kumi na nne kwa pamoja usiku wa manane.

Meza tulizitengeneza kwa mbao za misonobari, zile zinazopanda barabara kuu kutoka Mufindi, ambako ndiko liliko shamba la miti la Sao Hill. Bei ni nzuri. Tatizo ni kwamba mbao nyingi zinauzwa mbichi. Meza mbili za kwanza zilikuwa zimenyooka Jumamosi, na baada ya wiki sita pembe moja ikawa imenyanyuka kiasi cha vidole viwili, monita imeinama. Njia ya kujua ni kuinua ubao: mbichi ni mzito kuliko unavyotarajia, na ukiubana kiganjani unahisi ubaridi. Ubao wa meza zilizofuata tuliununua mapema, tukaupanga chini ya paa ukiwa na vijiti katikati hewa ipite, tukasubiri miezi miwili.

Vipimo vilivyofaa kwa watoto wa darasa la nne hadi la saba: kimo sentimita 68, kina sentimita 60, urefu mita 2.2 kwa kompyuta mbili, maana kila kompyuta wanakaa watoto wawili. Meza saba zimepangwa kufuata kuta, sita pembeni tatu kwa tatu na moja nyuma, vioo vikitazama katikati ya chumba. Mwalimu akisimama katikati anaona vioo vyote kumi na vinne bila kutembea. Tulikuwa tumepanga kwanza mistari kama darasa la kawaida. Mwalimu alikuwa anaona nyuso za watoto na migongo ya monita, hajui nani amekwama.

Mtandao wa ndani tulitumia kebo, hatukutegemea waifai. Ruta ya bei nafuu haiwezi kuwapa watoto wa mashine kumi na nne video kwa wakati mmoja, na kebo hufanya hivyo bila shida. Boksi moja la mita 305 lilitosha na likabaki. Kabla ya kulipa, kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: inakatika ukiikunja mara mbili tatu, na haishiki vizuri kwenye kichwa cha kebo. Rangi tulizifuata kwa mpangilio huu pande zote mbili: chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, bluu, bluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia. Kosa lililotusumbua zaidi lilikuwa kumenya ganda refu mno. Ganda la nje lazima liingie ndani ya kichwa na kubanwa na kile kijino cha plastiki. Lisipoingia, nyuzi nyembamba ndizo zinazobeba uzito, na mguu wa mtoto ukigusa kebo mara kumi, mashine inapotea mtandaoni. Vichwa sita tulivikata na kuvirudia. Pima kila kebo kwa testa kabla hujaifunika kwenye trankingi.

Kisha radi. Ukumbi ulikuwa na kebo ya mtandao ya mita kama 60 iliyopita nje, kutoka ofisi ya jirani yenye ruta ya intaneti. Siku moja radi ilipiga mahali mbali, hata mti haukuanguka karibu nasi. Asubuhi milango sita ya swichi ilikuwa imekufa na kompyuta mbili hazioni mtandao tena. Kebo ndefu ya shaba iliyoning'inia hewani hufanya kazi kama antena, inakusanya mshtuko na kuuleta mpaka ndani. Friji gadi na RCD havihusiki hapo, kwa sababu mshtuko haukupita kwenye umeme. Kati ya jengo na jengo usivute shaba. Tumia nyuzi za kioo (faiba) au jozi ya vifaa vya kurusha mawimbi. Sisi tulihamisha ruta ndani ya ukumbi, ikawa inatumia laini ya simu. Na mawingu yakianza kuunguruma, mlezi anazima mein swichi ya chumba, anachomoa plagi ya UPS ukutani, hasubiri.

Kuhusu mashine zenyewe tutasema machache. Yaliyo muhimu ni mawili. Kwanza, nunua za aina moja, hata kama itabidi usubiri. Zetu zilikuwa za aina tatu, kwa hiyo pawa saplai ya hii haiingii kwenye ile, na mfumo tulioutayarisha kwa kunakili ulibidi utayarishwe mara tatu. Pili, zifungue dukani. Tazama kapasita zilizovimba juu kama kifuniko cha soda kilichosukumwa, jaribu matundu yote ya USB, ingia BIOS uhakikishe haina nywila ya mwenye nayo wa zamani. Ram (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 inatosha mtoto, ila diski ya zamani ya kuzunguka ibadilishe kwa SSD, diski isiyozunguka, ya GB 120. Hakuna fedha nyingine ndogo inayoleta tofauti kubwa hivyo.

Tulipofungua maboksi baada ya ile miezi mitano, tatu hazikuwaka. Mbili zilipona kwa kuchomoa ram, kusugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, na kuirudisha. Ya tatu ilihitaji pawa saplai mpya. Na karibu zote saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka, kwa sababu betri ndogo ya CR2032 ilikuwa imekwisha. Usiipuuze: kompyuta yenye tarehe isiyo sahihi hukataa kufungua tovuti nyingi ikidai si salama, na utahangaika na ruta bure. Nunua ishirini kwa mara moja.

Juu ya programu kulikuwa na mabishano, na tunaona pande zote zilikuwa na hoja. Walimu walitaka Windows kwa sababu ndiyo mtoto atakayoikuta ofisini. Lakini msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali mashine za kabla ya kizazi cha nane cha chipu za Intel, ambazo ndizo zote tulizoweza kununua. Tukaweka Linux Mint, mfumo wa bure, wenye sura nyepesi iitwayo Xfce. Tulitayarisha mashine moja ya kila aina mpaka ikawa tunavyotaka, tukainakili kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwenye nyingine za aina hiyo. Baada ya kunakili badilisha jina la kila mashine, vinginevyo zote zinajitangaza mtandaoni kwa jina moja na huwezi kujua ipi ni ipi. Namba ya mashine iandike kwa rangi juu ya sipiyu, monita, kibodi na mausi.

Masomo yako kwenye seva, hayategemei bando. Tumeweka Kolibri, programu ya masomo bila intaneti ambayo sura yake inapatikana kwa Kiswahili, na Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili. Seva ina ram ya GB 8, diski ya TB 1 na anwani isiyobadilika, watoto wanafungua kivinjari tu. Vifurushi vya masomo tulivipakua Mbeya mjini kwenye intaneti ya uhakika, tukavibeba kwenye diski. Mwanzoni tulijaribu kupakua hapo hapo ukumbini, na bando la mwezi likaisha siku ya pili, kwa sababu kila mashine ilikuwa pia inajisasisha yenyewe. Zima kujisasisha, mfanye wenyewe mara moja kwa miezi mitatu. Na siku intaneti inapofunguliwa, ruta itumie DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) ya 1.1.1.3, ambayo huzuia tovuti za ngono na zenye programu hatari. Haizuii kila kitu. Mwalimu aliyesimama katikati ya chumba ndiye kinga yenyewe.

Fedha. Tunaweka wazi kila kitu kwa shilingi, maana watu huficha. Seti kumi na nne: 3,920,000. Seva: 450,000. Paa, silingi, sakafu, nondo na milango: 2,600,000. Umeme wote na ethi: 1,350,000. Meza na mabenchi: 1,150,000. Mtandao: 620,000. Usafiri: 280,000. Jumla 10,370,000. Katika bajeti yetu ya kwanza kompyuta zilikuwa karibu kila kitu. Mwisho wa yote zilikuwa chini ya nusu, pamoja na seva. Mtu akikuahidi kukupa kompyuta za bure, mshukuru kwa moyo wote, kisha mwombe fedha ya bati.

Na kuna gharama isiyokwisha. Tulisoma Luku, tukawasha kila kitu kwa saa moja, tukasoma tena: zaidi kidogo ya uniti moja. Saa mbili kwa siku, siku tano, ni kama uniti 12 kwa wiki. Zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yako, uamue nani analipa kabla ya siku ya ufunguzi. Weka pia akiba ya vipuri: mausi tano, kibodi tatu, pawa saplai mbili, SSD moja.

Watoto wanaingia saa tisa na nusu, wanatoka saa kumi na moja na nusu, ili wa mbali wafike nyumbani kabla ya giza. Wawili kwa kila mashine, na kila dakika 15 mwalimu anagonga meza, wanabadilishana. Bila kubadilishana kwa lazima, mkubwa hushika mausi mpaka mwisho, na mara nyingi anayebaki kutazama ni msichana. Tuliliona hilo wiki ya kwanza, likatusikitisha, tukaweka kanuni. Watu wazima ni wawili muda wote, mlango wazi, na kila mzazi amesaini fomu.

Wajitolea kumi na mmoja wa mwanzo walibaki wanne ilipofika Jumamosi ya nane. Hakuna aliyekosea. Watu wana mashamba, chai inachumwa, misiba haina ratiba. Tungelijua, tungegawa kazi kwa siku moja moja zenye mwanzo na mwisho: leo tunasugua sakafu, wiki ijayo tunavuta kebo sita. Kazi isiyo na mwisho unaoonekana huchosha hata mwenye moyo.

Ufunguo hatunao sisi. Uko kwa mwalimu mstaafu anayeishi hatua mia moja kutoka ukumbini, na wa akiba uko kwa mama mmoja wa kamati. Tuliwafundisha wote wawili kuzima mein swichi, kuzima seva, kusugua ram kwa kifutio na kutoa vumbi kwa brashi kila baada ya miezi mitatu. Mezani kwake mwalimu kuna daftari la kaunta lenye safu nne: tarehe, namba ya mashine, kilichotokea, kilichofanyika. Tukifika Jumamosi tunalisoma kwanza kabla ya kugusa chochote. Mara ya mwisho, ukurasa ulikuwa na mstari mmoja tu wa wiki nzima, kwa mwandiko wa mtoto: "Mashine 9. Mausi haiendi kulia. Tumegeuza chini, tumeona unywele kwenye taa, tumeutoa. Inaenda."